Karatasi Iliyosomwa Kanisani

Vidonge vilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya kitambaa, vimetiwa ndani ya soksi moja ya zamani. Mpakanione alikuwa akitafuta mkasi tu. Alivimwaga mezani, akavihesabu mara mbili kwa sababu hakuyaamini macho yake, na mara zote mbili hesabu ilitoka ile ile. Vidonge vya wiki sita, havijaguswa.

"Mama," aliita, "hivi ni vitu gani?"

Mama mdogo alikuwa ukingoni mwa kitanda, anamalizia kukohoa. Siku hizo kikohozi chake kilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na kilipokwisha alikunja kitambaa upesi ili doa lisionekane. Mpakanione aliliona.

"Sivihitaji tena, mwanangu. Nimepona."

"Nani kasema?"

"Lilitangazwa kanisani. Watu mia tatu walisikia."

Hapo damu ilimpanda kichwani Mpakanione hata masikio yakamvuma. Alimjua mtangazaji. Angeweza kumtaja akiwa usingizini.

Jina la Mpakanione alipewa na mama mdogo huyu huyu, siku alipoambiwa pasi ni ya moto asiishike, akajibu "mpaka nione," akaibandika kiganja. Alikuwa na miaka sita. Mama yao mzazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mdogo wake, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, aliwachukua yeye na kaka yake akawalea kwa cherehani moja. Watoto wakakua, wakasoma. Mmoja akawa mchungaji, mwingine akawa mtaalamu wa maabara hospitalini, na tangu hapo sebule ya mama mdogo haikujua amani. Chakula kikipakuliwa, ubishi nao unapakuliwa. Kaka akisema Mungu, dada anasema ushahidi uko wapi. Dada akisema hadubini, kaka anauliza kama aliwahi kuiona akili yake mwenyewe kwenye hiyo hadubini. Mpakanione alikuwa na msemo wake, na alipenda kuutoa mbele ya wageni: "Yeye anaamini. Mimi najua."

Alitoka bila kuaga, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa tusi.

Kanisa la kaka yake lilikuwa godauni la vigae zamani, na siku za kazi lilibaki na viti vya plastiki tu. Mchungaji alikuwa amekunja mikono ya shati, anapanga viti vile mwenyewe safu kwa safu. Alipomwona mdogo wake akatabasamu. Alilijutia tabasamu hilo.

"Umemwambia mama aache dawa!"

"Shusha sauti. Tuko nyumbani mwa Bwana."

"Bwana ana masikio, mwache asikie! Anatema damu, kaka. Damu! Wiki sita hajameza hata kidonge kimoja, vyote kavificha ndani ya soksi kama mwizi, kwa sababu wewe na spika zako mmemwambia kapona. Unajua kifua kikuu kinafanya nini mtu akikatiza dawa? Kinajifunza. Kinarudi kikiwa kinazijua zile dawa. Wewe ulikuwa wapi siku ya kufundishwa huruma?"

"Sikumwambia aache dawa."

"Ulimwambia nini basi?"

"Nilitangaza kwamba amepona. Kuacha dawa aliamua mwenyewe."

"Usinizungushe! Mtu akiambiwa nyumba haiungui, ataendelea kubeba ndoo za maji?"

Mchungaji aliketi kwenye kimojawapo cha viti vyake. Naye uso ulikuwa umeanza kubadilika, maana walikuwa watoto wa mama mmoja na hasira waligawiwa sawa.

"Mimi unaniona mjinga," alisema. "Tangu utoto. Sasa nisikilize. Miezi miwili tulimwombea. Kila Jumapili alitaka kusimama kushuhudia, nikamwambia bado, mama. Wazee wa kanisa wakanisukuma, mchungaji, mbona unauzima moto wa Roho? Nikasema bado. Unajua nilikuwa nangoja nini?"

Aliinuka, akaenda kwenye kabati la vitabu vya nyimbo, akarudi na karatasi iliyotiwa ndani ya plastiki, safi kabisa, kama cheti cha ndoa. Ilikuwa karatasi ya majibu ya maabara. Makohozi ya mama mdogo, mwezi wa pili wa matibabu. Vimelea havikuonekana. Chini yake palikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ya Mpakanione.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema mchungaji. "Nilijiambia, yule mdogo wangu haamini kitu duniani. Yule akisema hamna, basi hamna. Hii ndiyo niliyowasomea. Sikufungua hata Biblia siku hiyo."

"Haikusema kapona! Ilisema havikuonekana. Mwezi wa pili katika miezi sita! Maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi, endelea nazo. Muuguzi alimwambia, mimi nilimwambia. Dawa zinatoa jasho, sifa unabeba wewe!"

"Zinafanya kazi?" Mchungaji alimtazama. "Mbona siku ile nasoma karatasi hii alikuwa bado anakohoa vile vile? Nililala kwake usiku uliotangulia. Hakufumba macho. Nikajiuliza, nikasema, aa, karatasi inajua zaidi ya masikio yangu."

Mpakanione pia alikisikia kikohozi kile. Alikisikia akiwa na karatasi mkononi, akakumbuka kujiambia kwamba mapafu huchelewa kupoa. Nyani haoni kundule, na Mpakanione alikuwa amewacheka nyani wengi.

Aliondoka pale bado ana hasira, ila sasa hakujua aitupe wapi.

Katika maabara ile slaidi zilizokwisha kusomwa hazitupwi. Huwekwa kwenye visanduku miezi kadhaa, ili wakaguzi wakija wazisome tena. Mpakanione aliitafuta ya mama mdogo kwa namba, akaipata, akaiweka chini ya hadubini. Buluu. Buluu tupu, safi, nzuri ya kutia moyo, kama alivyoiona mara ya kwanza.

Kazi yenyewe ni hivi. Makohozi hupakwa kwenye kioo hicho cha slaidi, yakakauka, yakatiwa rangi nyekundu na kupashwa moto. Kisha huoshwa kwa asidi, ambayo hung'oa wekundu kwenye kila kitu isipokuwa vimelea vya kifua kikuu, maana vile ni vibishi, vikishika rangi haviachii. Mwisho hutiwa buluu, ili vile vyekundu vionekane juu yake. Sasa rangi nyekundu ikiwa mbovu, hakuna kitakachoonekana. Mgonjwa wa kufa na mzima wa kucheza mpira watatoka buluu sawasawa. Kwa sababu hiyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa yeyote, hutiwa rangi slaidi mbili za majaribio: moja ya mtu anayejulikana ni mgonjwa, nyingine ya mtu anayejulikana ni mzima. Ya mgonjwa ikikataa kuwa nyekundu, kazi yote inasimama hadi rangi ibadilishwe. Kuna daftari lake, na kuna mahali pa kutia alama kwamba jaribio limefanywa.

Alifungua chupa nyingine ya rangi, akaijaribu kwanza, ikatoa wekundu unaostahili. Ndipo akairudia ile slaidi ya mama mdogo tangu mwanzo. Mikono yake, iliyofanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, ilimwaga asidi mezani.

Safari hii hakuhitaji kutafuta. Vimelea vilikuwapo kila alikotazama, vijiti vyekundu vimetapakaa kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

Alilitoa daftari. Wiki ile ya sampuli ya mama, na wiki iliyoifuata, na iliyofuata tena, kila siku palikuwa na alama ya jaribio. Mwandiko wake, kalamu ile ile, alama zimeinama upande mmoja kama zilitiwa kwa mpigo. Alijua zilitiwaje. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, chupa mpya ilikuwa ya kiwanda kile kile, na rangi ile haikuwahi kumwangusha miaka yote kumi na mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi alishika kikombe cha chai mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, akaweka alama na kwenda zake. Mtu aliyeshinda akiwacheka wanaofumba macho wakisali alikuwa anasali naye, kila asubuhi, bila hata kuinamisha kichwa. Alijitukana kwa sauti, peke yake, matusi ambayo mama mdogo angemlamba kofi kwa kuyasema.

Slaidi zilizotiwa rangi ya chupa ile mbovu zikatoka buluu zilikuwa sitini na moja. Alizirudia zote kwa siku mbili. Mbali na ya mama, nne zilibadilika. Watu wanne walikuwa wametembea na kifua kikuu wiki sita, wana karatasi mfukoni yenye jina lake.

Mkuu wa maabara alimsikiliza akiwa amepandisha miwani kichwani, kisha akaenda kufunga mlango.

"Tuwaite hao wanne," alisema. "Kimya kimya. Tuseme sampuli ilikuwa ndogo, tunarudia."

"Sampuli haikuwa ndogo. Sikufanya jaribio, nikaandika nimefanya."

"Dada, punguza sauti. Unafikiri ni wewe peke yako? Mimi mwenyewe daftari hilo nimelisaini kila Ijumaa. Ukilisema hili nje, watu watapoteza imani na maabara. Wakipoteza imani na sisi watakwenda wapi? Watakwenda kwa kaka yako!"

"Na waende!" Alipiga meza hadi miwani ikashuka yenyewe. "Yule angalau anawaambia waziwazi kwamba wanaamini. Sisi tunawaambia tunajua!"

Aliandika taarifa yake yote, akaisaini, akabandika nakala ndani ya daftari lile. Wale wanne aliwapigia simu mwenyewe. Mmoja alimshukuru, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko matusi ya wengine.

Akabaki mama. Daktari alisema aanze upya siku ile ile, kidonge cha kwanza tena, na makohozi yake yapelekwe kupimwa kama vimelea vimeshazizoea dawa. Asipomeza, alisema daktari, mapafu yale hayana mwaka.

Mama mdogo alisikiliza yote, akaviangalia vidonge vilivyo mbele yake, akavisukuma kwa kidole.

"Siwezi."

"Huwezi vipi, mama? Nimekueleza, karatasi ilikuwa mbovu. Kosa ni langu."

"Nimekusikia. Lakini mimi nilisimama mbele ya watu nikasema Mungu kaniponya. Nikavaa gauni jipya. Leo nivimeze hivi, nitakuwa nimemwambia Mungu nini? Kwamba alidanganya? Au kwamba mimi nilimsingizia? Sitamkana Mungu wangu chumbani, kwa kujificha. Aliyelitangaza alitangue, pale pale alipolitangazia."

Akageukia ukutani. Mpakanione alimpigia kaka yake simu akiwa amesimama uani, akamweleza yote, ya chupa na ya daftari, bila kujipunguzia hata chembe.

"Pole," alisema mchungaji. "Kwa kweli pole. Lakini kulitangua siwezi. Ushuhuda haurudishwi nyuma. Watu wachanga kiimani wataanguka. Wewe mwambie ameze tu, kimya kimya. Nani atajua?"

Kimya kimya! Mkuu wa maabara na mchungaji hawakuwahi kukutana maishani, lakini hakika walisoma darasa moja. Mpakanione alikata simu kabla hajasema neno ambalo ndugu hawasameheani.

Jumapili alikwenda. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na mama mdogo alikuwa safu ya pili, amejifunga ushungi, kitambaa mdomoni. Amekonda hata gauni jipya lilikuwa linamvaa yeye. Ulipofika wakati wa shuhuda Mpakanione aliinuka, akapita katikati ya viti, akachukua kipaza sauti kwenye mkono wa mwanamke aliyekuwa anashukuru kwa kupata kazi.

"Samahani, mama. Mimi ni mtoto wa yule pale, mdogo wa mchungaji. Karatasi mliyosomewa humu ndani niliiandika mimi. Ilikuwa na makosa. Kila asubuhi natakiwa kufanya jaribio la kuhakikisha rangi ya kupimia ni nzima. Sikulifanya. Nikaandika kwamba nimelifanya. Mama yangu hakuwa amepona siku ile, na leo hajapona. Anahitaji dawa."

"Shindwa!" mtu alipiga kelele nyuma. Wengine wakaitikia. Mpakanione hakushuka.

Mchungaji alimfikia kwa hatua tatu, akakichukua kipaza sauti taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Alimtazama mdogo wake, na kwa sekunde moja Mpakanione aliamini angelisema. Kisha akawageukia watu.

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema. "Binadamu na vipimo vyake hukosea. Mashine hukosea. Lakini Mungu hakosei!"

Makofi yalilipuka. Mpakanione angekuwa na kitu mkononi angekirusha, kanisa au si kanisa. Alikuwa ameleta kosa lake mwenyewe, amelivua nguo mbele ya watu mia tatu, na kaka yake amelishonea joho.

Mara akaona makofi yanafifia safu za mbele. Mama mdogo alikuwa amesimama. Alitembea akishika migongo ya viti, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nipe hicho chombo."

Mchungaji alimpa. Mchungaji au si mchungaji, alikuwa amelelewa na mikono ile.

"Huyu wa kike anasema amekosea," alisema mama mdogo, akipumua katikati ya maneno. "Huyu wa kiume anasema Mungu hakosei. Nami naamini hakosei. Sasa nakuuliza, mwanangu, ni nani aliyekosea hapa? Maana hii ni damu." Alikifungua kitambaa. "Mungu hajatema damu. Kipimo hakijatema damu. Natema mimi."

Alikiinua kitambaa kile juu ili hata walioko mlangoni wakione.

"Tangu mmekua mnagombana mezani kwangu nani anaamini na nani anajua. Wewe ulimwomba Mungu miezi miwili, ukakaa kumngojea mdogo wako atie sahihi, maana Mungu peke yake hukumwamini. Na wewe mwenye macho ulitia sahihi bila kutazama. Mwenye imani katika nyumba yetu nilikuwa mimi peke yangu. Niliwaamini ninyi wawili. Mmeniua nayo."

"Mama..." mchungaji alianza.

"Sema huku." Alimsogezea kipaza sauti.

Mpakanione alimwona kaka yake akikipokea, na hakumhurumia, akajishangaa kwamba hakumhurumia.

"Nilitangaza jambo nisilolijua," alisema mchungaji. Spika zile kubwa zilimrudishia sauti yake kutoka pande zote nne. "Mama yangu ni mgonjwa. Dawa si dhambi. Kosa ni langu."

"Na langu," alisema Mpakanione, ingawa hakuwa na kipaza sauti.

Mama mdogo alinyoosha kiganja. Mpakanione akafungua mkoba, akampa vidonge. Mchungaji akampa maji aliyokuwa amewekewa kwenye mimbari. Akavimeza kimoja baada ya kimoja mbele ya kanisa zima, akikunja uso, na kila alipomeza aliwatazama wote wawili. Mtu mmoja akasema amina, mwingine akaanza kupiga makofi, na mchungaji, kwa mazoea tu, akainua mikono ili aongoze sala.

"Shusha," alisema mama mdogo. "Bado sijamaliza. Wiki sita nimekaa humu nakohoa. Nimewapakata watoto wenu, nimeimba nao uso kwa uso, nimewaambia mimi mzima. Kesho asubuhi nendeni mkapimwe, wote mliokaa karibu nami, na hao watoto muwabebe."

Viti vilianza kukwaruza sakafu katika safu ya pili na ya tatu. Mama mmoja alikuwa amemkumbatia binti yake kifuani, anamtazama usoni kama hajawahi kumwona. Mama mdogo aliyaangalia hayo yote, kisha akamgeukia Mpakanione, na macho yake hayakuwa na msamaha wowote.

"Na wewe," alisema, "safari hii uangalie."